Nilivyowapigia Fukusi Ngoma

Maharage yakimwagwa kwenye ndoo hulia kama mvua ya ghafla juu ya bati. Juzi niliisikia sauti hiyo kwa jirani hapa Nakwa, nikasimama njiani kama mtu aliyeitwa.

Nilipokuwa mtoto kule Sigino, mama alihifadhi maharage ya mbegu katika madebe mawili yenye vifuniko. Aliyajaza nusu tu, ili punje zipate nafasi ya kubingirika. Debe moja lilikuwa jukumu langu, la pili la dada yangu Paulina. Asubuhi na jioni tulipaswa kuyalaza na kuyabingirisha uani, kwenda na kurudi. Paulina alikuwa ameahidiwa kipande chake cha shamba. Mavuno yake yangemnunulia sketi mpya ya shule.

Mama hakueleza sana. "Fukusi hapendi kusumbuliwa," alisema. Nikajitafsiria mwenyewe: kumbe hao wadudu watoboao mbegu wanaogopa kelele! Basi nikaacha kubingirisha. Nikawa nakaa kivulini, debe kati ya magoti, nalipiga kwa vijiti viwili. Na nilipiga vizuri. Hata mbuzi walitega masikio.

"We Yona," Paulina alinitania akipita na debe lake, "unawapigia ngoma wacheze?"

"Wanakufa kwa hofu!"

"Haya, endelea. Watakualika harusini."

Mvua za kupandia zilipokaribia, mama alifungua madebe. Maharage ya Paulina yalikuwa mazima. Yangu yalikuwa matundu matupu na unga. Mama hakunichapa. Alichukua mbegu ya Paulina yote kwa ajili ya shamba la nyumbani.

"Na kipande changu, mama?"

"Mwakani, mwanangu."

Nilipoanza kulima mwenyewe ndipo nilipoelewa. Fukusi wa maharage hutaga mayai ovyo kati ya punje. Funza wake akianguliwa hujiegemeza kwenye punje ya pili ndipo aweze kutoboa. Ukibingirisha debe, egemeo linamponyoka. Anaanza upya, mpaka nguvu zinamwishia. Kelele hazimhusu. Ukitaka kumshinda mdudu, jua kwanza anavyoishi. Hilo nalisema bila wasiwasi.

La Paulina lilichelewa zaidi kuniingia. Alirudi shuleni na sketi yenye kiraka. Wenzake wakamuuliza, mbona alijisifu kuwa maharage yangemnunulia mpya? Akawajibu, "Yameliwa na fukusi." Hakusema ni kwa uzembe wa nani. Nami nilikuwa nimesimama palepale, nikacheka pamoja nao.