Magunia ya Priscah na Jina Lenye Mkia

Kwa miaka sita Priscah Chepyegon alipiga chapa magunia ya chai katika stoo ya kiwanda kidogo upande wa Mogogosiek, na kwa miaka sita alikohoa. Vumbi la chai halina adabu ya chai yenyewe. Mwaka 1995 kompyuta ilipoletwa, meneja aliuliza nani anajua kupiga taipu, naye akainua mkono haraka kuliko ukweli ulivyoruhusu. Akapewa ofisi yenye dirisha. Kikohozi kiliisha kabla ya Krismasi.

Kompyuta ilikuwa na kazi moja: kusema majani yaliyotandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia yamebakiza saa ngapi kabla ya kusagwa. Programu iliandikwa na mtaalamu mmoja, Kim, ambaye baadaye alipata kazi Botswana, akaacha disketi tatu na salamu.

Agosti 1997 diski ya kompyuta ilikufa. Thuo, mwenye duka la kompyuta mjini Kericho, aliweka nyingine na kujaribu kuunda programu upya kutoka kwenye disketi. Mashine ikagoma. Ilidai haioni kitu kiitwacho nyausha__Fii.

"Pole, Mama Joan," Thuo alimwambia Priscah, akirudisha bisibisi mfukoni. "Kuna kipande imepotea, na mwenyewe ako Botswana. Meneja amesema Ijumaa hii kompyuta inaenda kiwanda ingine. Wewe si utarudi tu stoo?"

"Tu," alisema Priscah. Kifua kilimwasha papo hapo. Ilikuwa Jumatano.

Akamwomba Thuo achapishe majina yote yaliyokuwa ndani ya vipande vya programu. Printa ililia robo saa. Kila jina lilikuwa na mkia wa herufi.

"Hizo ni takataka ya kompaila," Thuo alisema. Kompaila ndiyo hugeuza maandishi ya mtu kuwa lugha ya mashine. "Hakuna mtu husoma."

Priscah alikuwa ameandika kwa miaka sita vitu ambavyo hakuna mtu husoma, mpaka siku mzigo unapopotea. Hakumwamini.

Kipande cha kupiga hesabu Kim alikiacha kikiwa kimeshageuzwa, hakisomeki. Lakini cha kuonyesha matokeo kwenye skrini alikiacha kwa maandishi yake, na hapo Priscah alianza kulinganisha. Kim alipoandika kwamba kazi ya "andika" inapokea namba nzima, orodha ilisema andika__Fi. "Chora" ilipopokea namba mbili zenye desimali, orodha ilisema chora__Fdd. Kufikia Alhamisi saa nne hakukuwa na siri: F inatangaza mzigo, i ni namba nzima, d ni yenye desimali. Kompaila ilikuwa ikipiga chapa. Jina la kiwanda ni moja, lakini magunia ya daraja la PF1 na ya D1 hayachanganywi, kwa hiyo unaandika kilichomo.

Katikati ya ukurasa wa tatu akaona nyausha__Fid, si nyausha__Fii.

Kipande hakikupotea. Kilikuwa pale pale, kikingoja namba ya kitanda na saa zenye desimali, huku skrini ikitaka kukipa saa nzima tu. Alishuka kwa Kimeli, msimamizi wa vitanda.

"Mzee, Kim alipokuwa hapa mliongea nini?"

"Nilimwambia majani haijui masaa nane ama tisa. Nane na nusu je? Akacheka. Nikamwambia cheka, lakini andika."

"Aliandika."

"Si unaona!"

"Upande mmoja. Ule mwingine kwenye disketi ni wa zamani."

"Basi alicheka nusu," alisema Kimeli.

Ijumaa saa tatu asubuhi Thuo alifika na boksi tupu la kufungia kompyuta. Priscah alikuwa ameshabadilisha neno moja kwenye maandishi ya skrini: saa nzima zikawa zenye desimali.

"Jaribu kwanza," alimwambia.

Thuo alijaribu, kwa huruma. Kompaila haikusema lolote, na hiyo ndiyo sifa kubwa inayoweza kumpa mtu. Skrini ikaonyesha: kitanda cha nne, zimebaki saa mbili na nusu.

Kimeli akaitwa. Alikuja na konzi ya majani ya kitanda cha nne, akayaminya, akanusa.

"Mbili na nusu," alisema. "Hata bila stima ningewaambia."

Meneja alisema kompyuta ibaki, akaenda kunywa chai. Thuo alibaki amekumbatia boksi lake.

"Sasa hii nipeleke wapi, madam?"

"Stoo," alisema Priscah, akamwonyesha njia kwa kidole, bila kuinuka.