Mstari Mweupe wa Mzee Kiyingi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ukoo wa Kiyingi, nyuma ya soko la Nakawa, sikuruhusiwa kugusa gari. Nilipewa kikopo cha rangi ya buluu na brashi nyembamba, nikaambiwa niketi juu ya tairi na nitazame. Nilikuwa nimefundisha Kilatini kwa miaka mingi katika shule ya mapadre huko Bukavu, nami niliamini kwamba kila elimu huanza na neno. Elimu ile ilianza na nati.

Vijana wanaoniuliza leo kuhusu kazi ile hudhani tulikuwa watu wa rali. Gari la rali lina milango, madigadi, na nafasi ya msaidizi wa kusoma njia. Magari yetu yalikuwa na kiti kimoja tu, na magurudumu manne yaliyotokeza nje ya bodi bila kifuniko chochote, kama miguu ya panzi. Dereva akigeuza shingo aliliona gurudumu likizunguka mbele ya kiwiko chake. Chesisi tulizichomelea wenyewe kwa mabomba ya chuma, injini tulizitoa kwenye pikipiki kubwa, na tulishindana nje ya mji, katika viwanja vya udongo mwekundu ulioshindiliwa, dhidi ya familia nyingine chache zenye wazimu kama wetu.

Timu iliasisiwa na ndugu wawili. Mdogo, Mzee Kiyingi, Mkuu wa Karakana, alijifunza ufundi na Kiswahili mahali pamoja, katika gereji ya jeshi, na vyote viwili alivitumia bila mapambo. Kaka yake alikuwa Meneja wa Timu, na ndiye aliyeendesha gari la kwanza, lililoundwa kwa vyuma vya vitanda vya bweni lililovunjwa. Katika shindano lao la tatu gurudumu la mbele lilichomoka kwenye kona. Meneja alivunjika mguu, na tangu hapo alichechemea. Mafundi walipoulizwa, kila mmoja alijibu kwamba alidhani mwenzake ndiye aliyekaza.

Kutokana na jibu hilo ilizaliwa desturi ya karakana. Kila fundi alikuwa na rangi yake. Nati ilikazwa kwa spana ya kipimo, ile inayolia "ka!" nguvu inapofikia kiwango kilichowekwa; kisha aliyekaza alichora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye ringi. Nati ikilegea, mstari hukatika, na jicho huona. Mzee alikuwa na nyeupe. Nati za magurudumu, siku ya mashindano, zilikuwa zake peke yake.

"Mwalimu," aliniambia siku ile ya kwanza, "hii hapana rangi ya kupamba. Hii ni jina yako. Wewe naweza andika jina ya mutu ingine kwa barua?"

"Hapana, Mzee."

"Basi."

"Muache, Kiyingi," Meneja alidakia. Alikuwa ametumikia misa ya Kilatini utotoni na hakusahau. "Sasa hivi atakuuliza kama nati ni ya kike au ya kiume."

Nilianza kama mtunza daftari la vipimo, nikapandishwa kuwa fundi wa breki, na karakana ilipohamia Kyebando nilifanywa Msaidizi wa Mkuu. Wakati huo dereva alikuwa Namusoke, binti wa Mzee, ambaye tulimwona akijifunza kutembea kwa kushikilia tairi zetu. Kabla ya kila shindano baba yake alikaza magurudumu yote manne, akachora mistari, akagonga kofia ya binti yake mara moja kwa kidole. Hapo ndipo injini iliwashwa.

Asubuhi moja, nikipima upepo wa tairi, niliweka spana juu ya nati iliyokwisha kuchorwa. Sijui kwa nini. Mkono ulitangulia akili. Nati iligeuka karibu robo mzunguko kabla ya kulia. Nikajaribu ya pili, ikageuka pia. Masikio ya Mzee, yaliyochoshwa na kelele za injini, yalikuwa yanasikia "ka" ambayo haijalia.

Nilipaswa kumwendea pale pale. Badala yake nilikaza nati zote, nikafuta mistari iliyokatika kwa petroli, nikachukua kikopo cheupe, nikachora upya kwa mkono wake, kama mtu anavyoiga saini. Nilifanya hivyo msimu mzima. Nilijiambia kwamba namhifadhia mzee heshima yake, na kwamba binti yuko salama.

Siku ya shindano la mwisho, ambalo lingetupa kombe tulilolikosa kwa miaka mingi, Namusoke alinikuta nimechuchumaa kando ya gurudumu.

"Mwalimu, rangi ya Taata unaifanyia nini?"

"Imefifia kidogo."

"Amechora sasa hivi. Imefifiaje?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa amekumbatia kofia yake.

"Nati ulizikaza kweli?"

"Zote. Kila mara."

"Na siku malaria ingekulaza kitandani? Mimi ningeona nyeupe, ningepanda, ningekwenda." Aliutazama mstari ambao bado ulikuwa mbichi. "Mwambie wewe. Mimi ni mtoto wake, siwezi."

Nilimwendea Mzee, nikasema kwa sauti ya chini kwamba nati zake hazikufikia kipimo. "Nini?" akauliza. Nikarudia. "Sema, bwana, mimi hapana sikia!" Ikanibidi nipaze sauti, na mafundi wa familia nyingine wakageuka kututazama.

Hakunibishia. Alilegeza nati moja, akaikaza taratibu, akasita, kisha akasema kwa kinywa chake mwenyewe, "Ka."

Nikaipokea spana na kuisukuma. Ikageuka, ikalia. Wote tuliokuwa pale tuliisikia, isipokuwa yeye; yeye aliona tu mkono wangu ukisimama mbali na pale wake uliposimama.

"Na hii nyeupe ya musimu yote?"

"Ni yangu, Mzee."

"Wewe naiba jina yangu."

"Ndiyo, Mzee. Nilitaka kulinda heshima yako."

"Heshima!" Aliweka spana chini. "Mutoto yangu napanda juu ya urongo, wewe naita heshima? Gari hapana toka leo."

Namusoke alivua glavu. Meneja, aliyelitamani kombe lile kuliko sisi sote, aliutazama mguu wake, akaenda kuliondoa jina letu kwenye orodha.

Kwa wiki mbili Mzee hakuniita Mwalimu. Wiki ya tatu alikaza nati, akachora nyeupe yake, akanipa spana. "Mwalimu, kuja pima." Nikapima, ikageuka kidogo, ikalia. Alifuta mstari wake mwenyewe, akauchora tena, kisha akanielekeza nipitishe buluu yangu juu yake, mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo kila nati katika karakana ile ina mikono miwili na rangi mbili. Alichora nyeupe hadi alipofariki, na hatukuwahi tena kuchora mmoja kwa niaba ya mwingine.

Sasa ninaishi Makindye, na Namusoke ndiye Mkuu wa Karakana. Wanaokuja kunitembelea huniuliza fundi ajuaje kwamba wakati wake wa kustaafu umefika. Mimi sikuujua; nilionyeshwa. Nilikuwa nimekaza gurudumu la mbele na kuchora buluu yangu. Wafula, fundi wetu kutoka Busia ya upande wa Kenya, akaja kupima nyuma yangu kama desturi inavyotaka. Kwenye nati ya pili kiwiko chake kiliendelea kushuka.

"Samahani, Mwalimu," alisema, na hakujua atazame wapi.

"Imelia?"

"Sasa imelia."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nilichukua kitambaa chenye petroli, nikaufuta mstari wangu.

"Rangi yako ni ipi?"

"Manjano, Mwalimu."

"Chora. Kisha umwite Namusoke aje apime."

Akachora, nami nikaenda kuosha brashi yangu.