Siku Niliyomwita Fundi Mfalme

Mdogo wangu, bado naikumbuka asubuhi ile kule Chilangala, na kila nikiikumbuka nafunika uso kwa mikono hata nikiwa peke yangu.

Mashine ya kubangua korosho ya kikundi cha akina mama ilikuwa imekwama wiki nzima. Fundi, mzee wa Kivietinamu aliyekuwa akifanya kazi Masasi, alikubali kuja. Mama Zainabu, mwenyekiti wa kikundi, akanituma nimpokee kwa kuwa mimi ndiye msomi.

"Akiondoka amenuna," alisema, "tutabangua kwa mikono mpaka tuzeeke."

Nikaanza kuwaza. Kwetu kijana asipomwamkia mzee, ukoo mzima unasemwa. Je, kwao? Nikatafuta kwenye simu neno la Kivietinamu lenye heshima kuliko yote. Nikapata bệ hạ, walivyowaita wafalme wao wa zamani. Maana yake "chini ya ngazi za kiti cha enzi", kwani mfalme mwenyewe hukuthubutu kumsemesha. Ulisemesha ngazi zake. Nikaona hapo siwezi kukosea.

Mzee aliposhuka kwenye bodaboda nikapiga magoti mchangani. "Bệ hạ!"

Akageuka kutazama nani amekuja nyuma yake. Alikuwepo dereva wa bodaboda tu, naye akavua kofia taratibu.

Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. "Neno hilo nalisikia kwenye tamthilia tu! Wafalme kwetu waliisha zamani. Mtu wa umri wangu mwite bác. Baba mkubwa." Kisha akanikabidhi spana. "Lakini mfalme hashiki spana. Ingia wewe chini ya mashine."

Nikaingia na shati langu la mahafali. Mama Zainabu akainama kunichungulia. "Msomi, ufalme umempa, kiti je? Mzee amesimama juani, hata maji hajanywa. Na mbona sijasikia shikamoo?"

"Hata mimi naingoja," akasema mzee.

Grisi ikinidondokea shingoni, nikasema, "Shikamoo, bác."

"Marahaba, mwanangu. Sasa kaza hiyo nati."

Nilipotoka, mashine ikanguruma, na vigelegele vikafuata.

Basi wewe unayeanza kazi ugenini, usihangaike kama mimi. Mgeni mpe kiti, mpe maji, mwamkie ulivyofundishwa nyumbani, kisha muulize anapenda kuitwaje. Muulize tu. Mungu akujalie wakubwa wanaojua kucheka, na kila utakapokosea, awepo wa kukupa spana.