Bunduki ya Upepo Ndani ya Mfuko wa Kinanda

Kila kiangazi, nikifungua gari langu lililoshinda juani, hutoka humo harufu ya plastiki iliyopata joto, na kabla sijaketi huwa nimeshanyoosha shingo na kuvuta tumbo ndani. Mwili unakumbuka wenyewe. Nilivaa plastiki ya namna hiyo nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, kutoka kwapani hadi kwenye nyonga, mchana na usiku, ikikazwa mgongoni kwa mikanda ambayo mikono yangu haikuifikia. Uti wa mgongo wangu ulikuwa umeanza kujipinda, na madaktari walisema usiposhikiliwa sasa, wakati ninakua, utakwenda unakotaka. Siku ya kwanza mama alilitazama lile koti gumu, akaligonga kwa kidole, akasema, "Haya Nekesa, sasa wewe ni kobe, na hili ni gamba lako." Tangu hapo tukaliita gamba.

Tuliishi Aston, mtaa wa Birmingham, Uingereza, mimi na mama tu, katika nyumba nyembamba iliyobanwa na nyingine kulia na kushoto. Baba alikuwa amebaki Kitale na familia nyingine, habari ambayo kwetu haikuzungumzwa, ila mama alipoikumbuka alisugua masufuria kwa nguvu zaidi. Alifanya kazi ya kutunza wazee. Akienda zamu alifunga mlango, akaniachia ufunguo kwa sharti kwamba nisiutumie. Basi nilikaa dirishani, wima, maana gamba halikuniruhusu kukaa vingine. Siku za mechi barabara yetu ilijaa mashabiki wanaoelekea uwanjani, wamevaa skafu, wamebeba chipsi zenye siki iliyonukia hadi ndani. Niliwaonea wivu, si kwa ajili ya mpira. Niliwaonea wivu walivyoinama kufunga kamba za viatu.

Shuleni mwalimu wa michezo hakujua anipeleke wapi. Sikuweza kukimbia wala kuruka, na nikianguka sikuweza kuinuka bila msaada. Mwishowe alinichukua pamoja na wengine wawili wasioweza michezo, akatupeleka Great Barr, kwenye ukumbi mrefu ambamo magari ya barabara kuu yalisikika yakivuma bila kukoma. Ilikuwa klabu ya kulenga shabaha. Mkufunzi wetu, Keith, alikuwa mzee mwenye nyonga mbovu aliyefundisha akiwa ameketi juu ya stuli ndefu. Alinitazama nilivyosimama, akagonga gamba langu kwa ukucha kama mtu anayebisha hodi, halafu akacheka. Akasema wanaolenga shabaha kwenye mashindano hununua koti gumu kwa bei ya kutisha ili miili yao itulie, na mimi nimeingia na la kwangu bure.

Sijui kama mtanielewa nikisema kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuliona gamba langu kuwa faida. Nilishika bunduki ya upepo ya klabu, nikavuta pumzi, nikaitoa polepole kama alivyonielekeza, na ile karatasi yenye duara jeusi mwisho wa ukumbi ikasimama kimya kunisubiri. Kila mahali nilikuwa mtoto asiyeweza kusogea. Pale, kutosogea ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Shida ilikuwa kitako cha bunduki. Bunduki za klabu zilitengenezwa kwa watu wazima, na ukingo wa gamba uliponipanda kwapani, kitako hakikupata pa kutua begani. Risasi zangu zilikwenda kulia, mara nyingine hadi kwenye karatasi ya jirani. Keith akasema nitahitaji yangu, fupi, na kwamba sheria inataka mzazi ndiye ainunue na ndiye aifungie.

"Bunduki," mama alisema nilipomwambia. Aliliacha neno hilo likae mezani kati ya ugali na sukuma. "Birmingham hii. Mtoto mweusi. Aki Nekesa, hukuona kitu kingine cha kupenda? Kwani hakuna kushona?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama nilivyozoea, kwamba sitaki kushona. Akanyanyua sahani yangu kabla sijamaliza. Kwa wiki kadhaa kila mmoja wetu alizunguka ndani ya nyumba ile akimkwepa mwenzake, na nyumba haikuwa na nafasi ya kukwepana. Halafu siku moja ambayo hakuwa na zamu, mama alikuja klabu bila kunitaarifu. Alikaa nyuma na koti lake, mkoba magotini, uso wa mtu aliye kwenye foleni ya daktari wa meno. Nilipiga karatasi zangu zote bila kujua yuko pale. Nilimkuta nikitoka, tukarudi pamoja kwa basi. Tulipofika mlangoni, akitafuta ufunguo, akauliza bila kunitazama, "Hizo bunduki ndogo ni bei gani?"

Jumamosi iliyofuata tulikutana na Keith kwenye duka la bunduki mjini. Mlango wake ulifunguka kwa kitufe alichobonyeza mwenye duka, kisha ukajifunga nyuma yetu kwa mlio mzito. Mama aligeuka akaushika mshikio, akaona hausogei. "Tutatokaje?" akauliza, na hakutulia mpaka alipoambiwa kwamba kitufe hichohicho ndicho kitakachotutoa.

Mimi nilikwisha kuchagua yangu kutoka mbali. Ilikuwa mpya, nyeusi tititi, na darubini juu yake, na bei haikuwa mbaya. Keith aliniachia niishike. Kila ukitaka kupiga, ilibidi uukunje mtutu wake chini kwa nguvu ili kuishindilia upepo, ukijikunja juu yake, na mimi sikuwa na pa kujikunjia. Nilijaribu mpaka macho yakanitoka machozi. Keith akasema kwamba hata ningeweza, ile ingeruka mkononi mwangu kila risasi, na darubini ya bei rahisi inawadanganya wanaoanza. Akatoa kutoka pembeni nyingine iliyotumika, ya mbao, imekwaruzwa, kitako chake kimekatwa kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine zamani. Ilikuwa na wenzo ubavuni uliovutwa bila kuinama, na badala ya darubini, tundu dogo la kuchungulia. Nilikuwa nimenuna. Lakini nilipoiinua, kitako kilikaa kati ya gamba na bega kana kwamba vilipimwa pamoja, na shavu langu likafika lenyewe. Keith alimtazama mama, na mama akafungua mkoba.

Dukani walitupa ala ndefu ya kuibebea, lakini umbo lake lilijieleza hata kwa kipofu. Mama alikuwa amejiandaa. Yeye ndiye aliyepiga kinanda kanisani kwetu, na kinanda kilikaa nyumbani, kwa hiyo alikuwa amekuja na mfuko wake mkubwa mweusi. Akaiingiza bunduki ndani ya ala, ala ndani ya mfuko, akafunga zipu na kufuli. Keith akaenda kufungua klabu, nasi tukapanda basi la Aston tukiwa kama wanamuziki.

Tulichosahau ni mpira. Kabla hatujafika kwetu basi lilisimama, dereva akasema barabara imefungwa, kila mtu ashuke. Tukashuka katikati ya bahari ya watu wakiimba. Mbele palikuwa na polisi juu ya farasi, na wengine wa miguu wakiangalia mabegi. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Hatukuwa tumevunja sheria yoyote, risiti alikuwa nayo, lakini niliona midomo yake ikijaribu maneno ambayo angemwambia polisi, na kila mara akiyaacha. Tulipojaribu kurudi nyuma, umati ulitusukuma mbele. Ndipo akauona mlango wa Mama Feza, akabisha hodi kwa kiganja kizima.

Mama Feza alitoka Fizi, upande wa Kongo, na aliabudu pamoja nasi. Jumamosi hiyo akina mama wa kanisa walikuwa wamekusanyika kwake kwa maombi, jambo ambalo mama alilijua akalisahau. Sebule ilijaa vitenge na harufu ya maandazi. Kumi hivi waligeuka, wakaona mfuko, wakapiga vigelegele.

"Mama Nekesa ametuletea kinanda!"

"Kimeharibika," mama alisema upesi. "Nakipeleka kwa fundi."

"Fundi wa nini tena?" Mama Feza akasema. "Bwana yangu anatengenezaka redio, televizyo, yote. Kiache hapa, atakiangalia." Akaushika mfuko kwa mkono mmoja kuupeleka ndani. Mama hakuuachia. Wakabaki hivyo, kila mmoja ameshika mshikio wake, wakitabasamu, na mimi katikati nimesimama wima kama mlingoti. Nje waliokosa tiketi walikuwa wakiimba, na mlango wa mbele haukuwa tena mlango wa kutokea.

Mama akauachia upande wake. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Feza, naomba ukiweke chini. Si kinanda. Ni bunduki. Ya upepo. Ni ya mtoto, ya mchezo."

Mama Feza aliuweka chini taratibu sana. Mama mmoja alimbeba mtoto wake akaenda jikoni, na wengine wakamfuata. Wengi wao walikuwa wametoka kulekule Mama Feza alikotoka. Fizi mimi niliijua kama jina la mahali tu, si vita vyake.

Mama Feza alinigeukia mimi. "Weye, mutoto. Unataka kupiga nini?"

Nilitaka kujibu kwa Kiingereza, kikanikimbia. "Karatasi," nikasema.

"Karatasi?"

"Karatasi tu."

"Kwetu sikuonaka hata siku moja bunduki ya karatasi," akasema. Kisha akamwambia mama, bila ukali, "Mama Nekesa, ile kitu haiwezi kukaa mu nyumba yangu. Na huku mbele kuna polisi. Mupite nyuma."

Nyuma palikuwa na ua mdogo wa saruji, uzio mrefu, mapipa ya taka, na kamba ya nguo. Uchochoro wa kutokea ulikuwa na geti, lakini upande wa pili wake mashabiki walikuwa wamejaa. Basi tukakaa pale, mfuko miguuni mwetu, manyunyu yakaanza. Hatukuweza kurudi ndani wala kutoka nje. Mama alikuwa akilia bila sauti, na nilimwambia, "Tuirudishe dukani. Siitaki tena."

"Hatuirudishi," akasema. "Tangu wakufunge ndani ya hilo gamba sijawahi kukusikia ukipumua vizuri, ila siku ile kwenye klabu. Nilikaa nyuma nikakusikia. Hatuirudishi."

Sikuwa nimeona kwamba Mama Feza alikuwa ametoka nyuma yetu. Alisimama kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, amevaa ndala na soksi, ameshika sinia ya chai. "Gamba gani?" akauliza. Mama akaniinulia sweta kidogo. Mama Feza akakunja kidole akaligonga, ko, ko. "Ee Mungu," akasema. "Na miye siku yote nilizani uko na kiburi. Kanisani unakaaka hivi, hauinami hata kwa maombi." Akaanza kucheka, na mama akacheka huku machozi yanamtoka. Nami nikacheka kadiri mikanda ilivyoruhusu.

Lakini hakutuingiza ndani. Na yeye pia hakuingia. Wenzake walimwita, wakaimba bila yeye, manyunyu yakawa mvua, na Mama Feza alibaki pale nje kwenye ngazi, hatua chache kutoka kwenye ule mfuko, akiutazama. Hakuniangalia mimi wala mama. Chai yake ilipoa mkononi. Uwanja ulipolipuka kwa bao, aliruka na bega lake likagonga mlango, lakini miguu haikuondoka. Nilidhani anatulinda tusiiingize tena nyumbani kwake. Nilidhani ana hasira. Mechi ilipokwisha, umati ulipotawanyika na uchochoro kubaki mtupu, alitufungulia geti mwenyewe, akasema tu, "Muende salama," akarudi ndani.

Nililenga shabaha mpaka nilipovuliwa gamba, na miaka kadhaa baada ya hapo, ingawa mwanzoni bila gamba nilipiga ovyo kuliko wote. Bunduki ile ikaenda kwa mtoto mwingine mwenye mikono mifupi. Mama Feza hakuwahi kuizungumzia, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka jana nilimpeleka Mama Feza hospitali kwa miadi ya macho. Tukiwa tumekaa tukisubiri, nilimwambia kwamba nimekuwa nikitaka kumwomba radhi kwa siku ile ya bunduki, kwa kumfanya alowe mvua akituchunga.

"Kuwachunga?" akashangaa. "Mutoto, sikuwachunga nyiye." Alikuwa amefumba macho kwa sababu ya dawa waliyomtia. "Tangu Fizi, nikionaka ile kitu, nilikuwa nakimbia. Hata mu televizyo. Siku ile nilitaka kuona kama nitaweza kusimama."

Nesi akaita jina lake. Akanipa mkono nimwinue, nami nikamwongoza ndani.