Herufi Pana za Eligio

Tangu wenzake wahamie Buenos Aires, Eligio Benegas anaandika programu peke yake katika chumba kimoja mjini Asunción. Wiki hii skrini ya stendi ndogo ya mabasi ilitakiwa kuonyesha majina ya vijiji kwa Kiguarani, lugha ya wenyeji, kabla ya Jumatatu, la sivyo kazi angepewa mwingine. Skrini ilitoa salamu ya Kihispania tu, kisha ikabaki tupu.

Jumapili alimpigia simu Lorenza, mwenzake wa zamani, akamweleza.

"Salamu umeiandika kwa herufi za kawaida?" Lorenza aliuliza.

"Ndiyo. Majina ndiyo nimetumia herufi pana, zile zinazobeba alama za Kiguarani."

"Umeharibu, kaka! Katika lugha ya C, mkondo unaopeleka maandishi kwenye skrini hushika tabia ya maandishi ya kwanza. Ukianza na za kawaida, pana hazipiti tena. Kichwa kigumu! Nani alikufundisha?"

"Wewe."

Lorenza alicheka, kisha akasema watoto wanamwita.

Eligio akaiandika salamu upya kwa herufi pana. Majina yote yakajitokeza. Alijaza kikombe cha tereré, chai baridi ya majani, akanywa, akakijaza tena na kunyoosha mkono kumpa anayefuata, kama wanavyofanya wanaokunywa pamoja. Alikaa hivyo kidogo, kisha akanywa na hicho.