Alama ya Vidole Vinne

Siwezi kutia mkono kwenye unga wa moto. Juzi, mashineni pale Rongo, harufu yake ilinirudisha kwenye kinu cha maji cha mtoni kwetu.

Msagaji wa kwanza alikatwa kidole cha kati na jiwe la kinu. Waliomrithi, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wakiuacha unga wazi sandukuni mpaka upoe, ili marehemu aje aupime kwa mkono wake. Alama ya vidole vinne isipoonekana, unga unamwagwa mtoni.

Siku hiyo nilibeba mahindi yetu ya mwisho. Mzee msagaji akatoka kufunga maji. Unga ulikuwa laini, hauna alama yoyote. Nikawaza wadogo zangu waliolala njaa, nikakunja kidole cha kati, nikaubonyeza kwa kiganja, kisha nikaficha mkono nyuma ya gauni.

Jiwe likasimama. Mzee akarudi, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Chukua, nyathina, mwanangu," akasema huku akirudi nyuma hadi ukutani. "Leo amekuja na mtoto."

Nikatazama. Kando ya alama yangu ndogo palikuwa na nyingine, kubwa, ya vidole vinne.