Tozo ya Siku Mbili Shangani

Mama yangu alifariki mwaka jana hapa Mombasa, na mdogo wake, Bi Mwanaidi wa Jambiani, hakuweza kuja mazikoni. Nikaweka nia kwamba shule zikifungwa nitavuka mwenyewe Unguja nikampe pole. Ndiye mama pekee niliyebakiwa naye.

Nilitoka Mombasa Jumatatu alfajiri kwa basi, nikalala Dar es Salaam, kesho yake nikapanda boti. Kosa langu nilikuwa nimeshalifanya kabla ya safari: nilikodi chumba Shangani, mjini Unguja, kwa simu. Nilijiambia sitaki kumsumbua mtu mzima. Ukweli ni kwamba nilitaka kiyoyozi na choo changu peke yangu.

Adhuhuri nilipokelewa na mwenye nyumba, Bi Rukia, mwanamke mcheshi asiyekaa kimya. Aliniandika kwenye kitabu cha wageni, akanitajia tozo ya serikali ambayo mtalii hulipa kwa kila usiku. Nikalipa ya siku mbili huku nimenuna.

"Mama yangu mtu wa Jambiani," nikamwambia. "Leo nimekuwa mtalii?"

"Kama una jamaa, msamaha upo," akajibu. "Jamaa yako akutambue mbele ya sheha, yule kiongozi wa mtaa wao, naye akuandikie barua. Ukiniletea, ntakurejeshea chako."

Asubuhi ya pili nilikodi gari hadi Jambiani, na fomu ya msamaha aliyonipa Bi Rukia mkobani. Mama mdogo alikuwa uani anageuza mwani wake juani. Aliponiona aliangusha ufito, tukakumbatiana, tukamlilia mama mpaka majirani wakachungulia.

"Begi lako li wapi?" akauliza alipojifuta machozi.

"Mjini. Nimepanga chumba."

Alinipakulia wali na mchuzi wa pweza, akakaa kunitazama nikila. Mimi nikadhani habari ya chumba imekwisha. Nilipomaliza kunawa, nikatoa ile fomu na kumweleza habari ya barua.

Aliigeuza mkononi kama bamia lililokomaa. "Kwa hivyo unataka nikakuandikishe kuwa u wangu, upate nafuu kwenye nyumba ya watu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ndani nikaona kitanda kimetandikwa shuka mpya, na mto bado uko ndani ya mfuko wake wa plastiki. Jirani aliniambia shuka zile zilinunuliwa tangu siku nilipopiga simu kusema nakuja. Nilirudi mjini jioni nikiwa na hofu kwamba nimempoteza na huyu.

Siku ya tatu, mapema, nikarudisha ufunguo kwa Bi Rukia na kwenda Jambiani na begi langu. Mama mdogo alilipokea mlangoni, akalitia ndani. Habari ya fomu hakuitaja, wala mimi sikuthubutu.

Nilikaa siku tatu. Ya kwanza na ya pili sikuruhusiwa hata kuosha kikombe. Ya tatu, maji yalipokupwa, akanitupia kanga kuukuu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Sisi jembe letu hili hapa." Akanipa kamba. Nikashinda nimeinama majini nikifunga vishada vya mwani, naye ananicheka mafundo yangu yanavyofunguka. Mgongo uliniuma vibaya, na nilifurahi kupita kiasi.

Asubuhi ya kuondoka, ni yeye aliyevaa baibui kwanza. "Twende kwa sheha."

Sheha, bwana mpole mwenye miwani, alimuuliza kama ananijua.

"Namjua. Mtoto wa dada yangu, kwa hivyo mtoto wangu."

"Amelala kwako? Msamaha ni wa siku alizolala kwa jamaa tu."

Mama mdogo alinitazama. "Siku mbili kalala mjini kwa watu. Siku tatu kalala kwangu. Andika hivyo hivyo."

Sheha akaandika hivyo hivyo, akagonga muhuri.

Kabla ya boti nilipita Shangani kumuaga Bi Rukia. Aliisoma barua, akacheka. "Hii inakusamehe siku ambazo hukulala kwangu! Lakini niachie tu, ntaitia kwenye faili nikurejeshee chako. Nani atakwenda kuzihisabu?"

"Mama mdogo keshazihisabu," nikasema, nikanyoosha mkono anirejeshee karatasi yangu.

Sasa niko nyumbani, na watu wananiuliza kama tozo ilirudi. Haikurudi. Siku zile mbili nilikuwa mgeni kweli, kwa kuchagua mwenyewe, na mgeni hulipa. Barua nimeiweka ndani ya msahafu wa mama. Mstari wake wa pili unasema: huyu ni mtoto wa Mwanaidi, wa hapa Jambiani.